Kanzu, Kofia na Uungwana: Historia ya Utanashati wa Mwanamume wa Pwani

Utangulizi

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa na kumkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa sababu ya ukarimu wake. Katika masimulizi ya safari zake, Ibn Battuta anaeleza tukio alilolishuhudia siku ya Ijumaa. Sultani alikuwa akitoka msikitini kurejea kwake. Fakiri mmoja wa Yemen akamsimamisha njiani na kumwomba nguo alizokuwa amevaa. Sultani akakubali. Fakiri akataka apewe saa ile ile. Sultani akarudi msikitini, akaingia nyumbani kwa khatibu, akavua, akavaa nguo nyingine na kumkabidhi fakiri zile alizoomba. Fakiri akazifunga katika kitambaa, akajitwika kichwani, akaenda zake. Watu wakamsifu mno Sultani. Hatimaye mwanawe akazikomboa nguo zile kwa kumpa fakiri watumwa kumi. Naye Sultani, aliposikia jinsi watu walivyopendezwa na kitendo chake, akaamuru fakiri aongezwe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Kisa hiki huweza kusomwa kama ushahidi wa ukarimu wa mtawala, na hivyo ndivyo msimulizi alivyokikusudia. Hata hivyo, kina upande wa pili ambao msimulizi anaupita bila kuuangalia. Nguo za mwilini mwa mtu mmoja zimepimwa kwa thamani ya watu kumi. Fakiri anatajwa na maneno yake yanasikika; Sultani anatajwa kwa jina na lakabu; mwana anatajwa kwa cheo chake. Wale kumi waliotolewa badala ya nguo hawana jina, hawana sauti, wala msomaji haambiwi walikuwa wamevaa nini.

Makala haya yanadai kwamba historia ya utanashati wa mwanamume katika pwani ya Afrika Mashariki haiwezi kutenganishwa na historia ya utumwa. Umbuji wa vazi la muungwana ulitambulika kwa sababu wapo waliokatazwa kulivaa. Kwa hiyo, aliyelivaa mara ya kwanza baada ya katazo hilo kuvunjika hakuwa akiiga mabwana tu, bali alikuwa akitoa hoja. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, ambao aghalabu hulichukulia vazi kuwa pambo la maelezo au dalili ya majivuno, hawana budi kuisikia hoja hiyo.

Maneno na maana zake

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kumtaja mwanamume anayejali mavazi yake, wala hayana uzito mmoja. Mtanashati ni mtu nadhifu, ambaye vazi lake ni safi na limemkaa vyema. Neno hili lina sifa ndani yake. Malidadi, au mmaridadi, ni mpenda mapambo. Anaweza kusifiwa kwa neno hilo, na anaweza kutaniwa kwalo. Mlimbwende ni yule ajipambaye ili atazamwe, na mara nyingi neno hili hutamkwa kwa kicheko cha chini kwa chini. Katika miaka ya karibuni vijana wa Tanzania wameongeza bishoo na sharobaro, na kicheko kimebaki pale pale.

Tofauti hizi zaonyesha kwamba jamii ya Waswahili haikulaani umbuji wa mavazi moja kwa moja, wala haikuusifu bila masharti. Iliuliza swali moja: vazi hili lina nini ndani yake? Methali mbili zalijibu swali hilo kwa namna mbili. Ya kwanza husema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ya pili husema muungwana ni vitendo. Methali ya kwanza humwonya anayedanganyika na sura ya nje. Ya pili inakwenda mbali zaidi, kwani yadokeza kwamba uungwana, ambao watu waliudai kwa nasaba na kuutangaza kwa vazi, kwa hakika haumo katika nasaba wala katika vazi. Ni rahisi kuiona methali hii kama wosia wa mkubwa kwa mdogo. Lakini ikitiwa kinywani mwa mtumwa, inageuka kuwa shtaka.

Ulimbwende wa Ulaya kama kipimo

Kabla ya kuitazama pwani kwa undani, yafaa kuutazama kwa ufupi ulimbwende wa Ulaya, kwa kuwa nadharia nyingi kuhusu jambo hili zilitungwa huko. Mlimbwende mashuhuri zaidi wa Uingereza ni George Bryan Brummell, aliyezaliwa London mwaka 1778 na kufariki Caen, Ufaransa, mwaka 1840. Miaka hiyo inakaribiana mno na ile ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye wataalamu hukadiria kwamba aliishi baina ya 1776 na 1840. Wawili hao hawakupata kusikiana, ila inafaa kukumbuka kwamba mambo yatakayoelezwa hapa yalikuwa yakitendeka kwa wakati mmoja katika bahari mbili.

Brummell hakutoka katika ukoo wa makabaila. Baba yake alikuwa katibu wa Lord North, aliyepata kuwa waziri mkuu. Alisoma Eton, akaingia jeshini, akawa rafiki wa mwanamfalme aliyekuja kuwa Mfalme George wa Nne. Jambo alilolifanya katika mavazi ni la ajabu kwa sababu lilikuwa dogo. Aliacha hariri za rangi nyingi, lesi na poda za nywele, akashika koti la buluu iliyokoza, suruali iliyomkaa vizuri, na shati la kitani lenye kitambaa cheupe cha shingoni kilichotiwa wanga. Alioga kila siku, jambo ambalo lilikuwa geni kwa wengi wa tabaka alilojiunga nalo. Mwaka 1816 madeni yalimfukuza Uingereza, akakimbilia Calais, na akafa akiwa amerukwa na akili katika nyumba ya wagonjwa.

Waandishi walilichukua jambo hili kwa njia mbalimbali. Thomas Carlyle, katika Sartor Resartus iliyotokea kati ya 1833 na 1834, aliwafanyia walimbwende dhihaka kali kama kwamba ni madhehebu ya dini inayoabudu nguo. Barbey d'Aurevilly aliandika kitabu kizima juu ya Brummell mwaka 1845, akamfanya shujaa wa nafsi. Charles Baudelaire, katika insha yake ya mwaka 1863 kuhusu mchoraji wa maisha ya kisasa, alitoa hoja ambayo ni muhimu zaidi kwa makala haya. Kwake, ulimbwende hutokea hasa katika nyakati za mpito, pale utawala wa makabaila umeanza kuyumba nao utawala wa watu wote haujapata nguvu kamili.

Hoja ya Baudelaire inaweza kuchukuliwa na kupimwa pwani, maadamu pwani nayo ilipata wakati wake wa mpito. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Kwa muda wa nusu karne, basi, swali la nani ni muungwana lilikuwa wazi mitaani. Lakini ipo tofauti isiyopaswa kusahauliwa. Hakuna aliyemkataza Brummell kuvaa koti la buluu. Huku pwani, vazi lenyewe lilikuwa na mpaka, na mpaka huo ulilindwa kwa aibu na kwa bakora.

Vazi la muungwana

Ushahidi wa kale waonyesha kwamba mwanamume wa pwani alijali mavazi yake karne nyingi kabla ya Mzungu kufika. Ibn Battuta alipokuwa Mogadishu alipewa nguo za kuvaa kabla ya kwenda kuonana na mtawala: kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni, vazi la kitani cha Misri, joho lenye bitana, na kilemba cha Misri chenye nakshi. Mgeni hakuachwa aingie mbele ya watu kama alivyokuja, bali alivishwa kwanza. Mwaka 1498 watu wa Vasco da Gama waliandika kwamba mfalme wa Malindi alikuja kuwaona akiwa na joho la kitambaa cha nakshi lenye upindo wa atlasi ya kijani, na kilemba cha thamani, chini ya mwavuli wa atlasi nyekundu. Siwa za pembe za ndovu zilipigwa. Wareno walijiona wafikishaji wa ustaarabu, lakini daftari lao wenyewe lawashuhudia wakimtazama mwenyeji kwa kustaajabu.

Kufikia karne ya 19, hasa baada ya Sayyid Said kuifanya Unguja kuwa makao yake, vazi la mwanamume mwenye hadhi lilikuwa limepata umbo ambalo kumbukumbu za watu bado hulishika. Ndani kulikuwa na kikoi, kisha kanzu. Juu ya kanzu palivaliwa kizibau, au joho kwa mwenye uwezo. Kiunoni mlifungwa deuli, na katika deuli jambia. Kichwani kofia, au kilemba juu ya kofia. Miguuni makubadhi. Mkononi bakora.

Kanzu yenyewe, ambayo kwa jicho la mgeni ni vazi jepesi lisilo na mambo mengi, ilikuwa na elimu yake. Mshonaji alijua badani na taharizi, alijua kikwapa kinavyotiwa ili mkono uinuke bila kuvuta, alijua kaba la shingo na sijafu. Kanzu ya mfuto haikuwa na darizi. Kanzu ya kazu ilikuwa na kazi ya uzi shingoni. Shada lilining'inia mbele. Mwenye jicho aliweza kumsoma mtu kwa mbali kwa kutazama shingo ya kanzu yake tu. Kofia ya kushonwa kwa mkono, yenye vijitundu vilivyozungushiwa uzi mmoja mmoja, ilichukua majuma mengi ya sindano, na thamani yake haikuwa katika kitambaa bali katika muda wa mtu uliolala ndani yake.

Hapa panaonekana sheria ambayo Brummell naye aliifuata bila kujua: weupe. Kitani cheupe cha London na kanzu nyeupe ya Unguja vyasema jambo moja, kwamba mvaaji hakugusa vumbi, na kwamba yupo mwingine aliyeligusa kwa niaba yake. Nguo nyeupe iliyonyooshwa ni cheti cha mtu asiyefanya kazi ya mikono. Huchafuka upesi, na uwezo wa kuifanya isichafuke ndio utajiri wenyewe.

Fasihi ya kale iliufahamu utajiri huu, ikautilia shaka. Katika Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir uliotungwa yapata karne mbili zilizopita, matajiri wa Pate wanaonekana wakitembea kwa maringo katika majumba yenye taa na vyombo vya kichina, kisha wanaonekana makaburini, na majumba yao yamebaki magofu. Mshairi anautaja mwendo wao, si mali zao peke yake. Mwendo ni sehemu ya vazi, kwani kanzu na joho humtaka mvaaji atembee polepole na shingo iliyonyooka. Hivyo mshairi anapoushambulia mwendo huo, anaushambulia utanashati katika kiini chake. Pamoja na hayo, shtaka la Al-Inkishafi ni shtaka la mauti dhidi ya majivuno. Halimwulizi tajiri nani aliyemfulia.

Mikono isiyoonekana

Jawabu la swali hilo limo katika utenzi mwingine, ingawa mtunzi hakulitoa kama jawabu. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga wosia kwa binti yake mwaka 1858. Miongoni mwa mengi anayomwusia ni namna ya kumtunza mume: amnyoe, amtengeneze ndevu, amfukize buhuri asubuhi na jioni. Utenzi huu umehakikiwa mara nyingi, wengine wakiuona kuwa hazina ya maadili na wengine kuwa hati ya kumfunga mwanamke. Ukisomwa kama sehemu ya historia ya mavazi, unatoa jambo ambalo wahakiki wa pande zote mbili wanaweza kulikubali. Mtanashati anayetoka mlangoni asubuhi, ndevu zimechongwa na nguo zanukia udi, ni kazi iliyokwisha kufanywa na mtu mwingine. Mitaani yeye huitwa mtanashati. Aliyemtengeneza amebaki ndani.

Mkewe hakuwa peke yake. Nyuma ya kanzu moja walikuwapo mshonaji, mdarizi wa shingo, mfuaji aliyeitia wanga na kuipiga pasi ya makaa, mjakazi aliyeteka maji, na mtumwa wa shamba ambaye karafuu alizochuma ndizo zilizonunua kitambaa. Riwaya ya Adam Shafi Adam, Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotoka mwaka 1978, imelijenga jambo hili kwa ukali inapomweka Mwinyi Fuad ubavuni mwa mtumishi wake Kijakazi. Bwana hana uwezo wa kuwa bwana hata kwa siku moja bila ya mikono yake. Aghalabu wahakiki huisoma riwaya hiyo kwa mujibu wa Mapinduzi ya mwaka 1964 na nadharia ya matabaka. Usomaji huo ni halali, lakini tabaka haliko katika umilikaji wa mashamba peke yake. Limo pia katika swali la nani anaamka mapema ili nani avae vizuri.

Waliokatazwa

Maelezo ya wazi zaidi kuhusu mpaka wa vazi yamo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotokana na kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari na wenzake na kuchapishwa na Carl Velten huko Ujerumani mwaka 1903. Humo mwaelezwa kwamba hapo zamani mtumwa hakuvaa kofia, hakuvaa viatu, wala hakuvaa kanzu ndefu ya kufunika miguu. Hakuvaa mitalawanda katika nyumba ya muungwana. Mjakazi naye hakujifunika utaji. Lugha ya maelezo haya ni tulivu, kama ya mtu anayeeleza jinsi nyumba inavyoezekwa. Utulivu huo ndio unaopasa kumshtua msomaji. Kichwa kitupu, mguu mtupu na muundi ulio wazi vilikuwa sahihi ya mmiliki juu ya mwili wa mtu.

Nguo zilizoruhusiwa kwa watumwa zilikuwa na majina yake. Merikani ilikuwa pamba ngumu isiyofuliwa kuwa nyeupe kamili, iliyoletwa na merikebu za Massachusetts tangu miaka ya 1830, ikalibakiza jina la nchi ilikotoka hata pale vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia mwaka 1861, vilipoikatiza biashara hiyo na nguo za Uingereza na Bombay zikashika nafasi yake. Kaniki ilitiwa rangi ya nili iliyokoza, na haikuonyesha uchafu upesi. Zote mbili zilikuwa nguo za kazi. Kwa uchungu wa pekee, pamba ya merikani ilikuwa imelimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, ikafumwa kaskazini, ikavuka bahari, na kuvaliwa na watumwa wa Unguja.

Lakini mpaka ulianza kuvukwa kabla ya sheria kubadilika. Watumwa wa mijini waliofanya kazi za kibarua, za uhamali au za upagazi wa misafara walimpa bwana sehemu ya ujira, wakabaki na sehemu yao. Wengi waliitumia kununua nguo. Wasafiri wa Kizungu waliliona jambo hili wakalicheka. Richard Burton, aliyefika Unguja mwishoni mwa mwaka 1856 na kuchapisha kitabu chake juu ya mji huo mwaka 1872, aliwaandika watu wa pwani kwa dharau. Kicheko cha namna hiyo chadhani kwamba maskini anayenunua kofia badala ya kuweka akiba hana akili. Hakikufikiri kwamba, mahali ambapo kichwa kitupu ndiyo alama ya kumilikiwa, kofia ni bidhaa ya kwanza ya lazima.

Baada ya mwaka 1897 jambo hili lilijitokeza hadharani. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu burudani na siasa za Unguja, ameonyesha jinsi waliokuwa watumwa walivyoziacha merikani na kaniki, wanaume wakavaa kanzu na kofia, wanawake wakachukua kanga na baadaye buibui. Hawakusubiri kupewa uungwana na kadhi wala na mkuu wa wilaya. Waliuvaa. Katika mji ambao kila mmoja alijua kila vazi lasema nini, kutoka nje na kofia kichwani kulikuwa sawa na kutia saini hati ya uhuru wake mwenyewe, mbele ya mashahidi wote wa mtaa.

Je, huku kulikuwa kuiga? Wapo wanaosema kwamba aliyekuwa mtumwa, kwa kuchukua vazi la bwana, alithibitisha ubora wa bwana. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Lakini inasahau kwamba thamani ya kanzu kwa bwana ilitokana na kutovaliwa na wote. Siku wote walipoivaa, haikuwa tena alama ya wachache. Aliyelichukua vazi hilo, kwa kulivaa tu, alilipokonya uwezo wa kumtenga.

Kutoka beni hadi kanzu ya boi

Zama za ukoloni zilileta vazi jingine la kunyang'anyana. Katika miaka ya 1890 ngoma ya beni ilichipuka katika miji ya pwani ya Kenya. Mombasa ilikuwa na vyama vya Kingi na Sikochi, na hao Sikochi walivaa vikoi vya marinda kwa mfano wa askari wa Uskochi. Tanganyika ilikuja kuwa na Marini na Arinoti. Vyama hivi vilikuwa na vyeo vya kijeshi na vya kifalme, sare, nishani na magwaride, na vilienea zaidi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na baada yake. Terence Ranger, katika uchunguzi wake wa mwaka 1975, alikataa maelezo mepesi kwamba beni ilikuwa uigaji wa Wazungu. Aliionyesha kuwa mwendelezo wa mashindano ya kale ya mitaa ya pwani, yaliyovaa nguo mpya.

Wazee wengi waliilaumu beni kwa ubadhirifu, nao maafisa waliitilia shaka kuwa ni siasa iliyojificha. Lawama hizi mbili zikiwekwa pamoja zinafichua jambo. Vazi ambalo ni upuuzi mtupu halimtishi afisa. Aliyeshtuka kumwona kuli akitembea na kofia ya jemadari alikuwa ameelewa, hata kama hakukiri, kwamba cheo ni kofia kwa kiasi kikubwa.

Wakati huo huo kanzu ilipatwa na jambo la kinyume. Katika nyumba za walowezi na katika mahoteli ya Nairobi na kwingineko, kanzu nyeupe yenye mshipi wa rangi kiunoni, pamoja na kofia ya tarbushi, ilifanywa sare ya watumishi. Vazi ambalo mtumwa alikatazwa kulivaa na ambalo aliyekombolewa alilivaa kutangaza uhuru, sasa mtumishi alilazimishwa kulivaa ili atambulike kuwa boi. Mgeni aliyekaa mezani aliona weupe ule ule, mstari ule ule wa nguo iliyonyooshwa. Lakini maana ilikuwa imepinduliwa. Weupe haukuwa tena ushahidi kwamba mvaaji hagusi kazi, bali kwamba mwajiri ana mtu safi wa kumgusia.

Mfano huu wafaa kuwaonya wanaodhani kwamba kila vazi lina maana moja isiyobadilika, na kwamba kazi ya mhakiki ni kuifungua maana hiyo kama afunguaye kamusi. Kanzu haina maana nje ya swali la nani kaivaa, kwa amri ya nani, na nani alikatazwa.

Hitimisho

Leo kanzu na kofia ni vazi la heshima katika nikahi, Idi na maziko kote pwani na hata bara. Huitwa vazi la asili, vazi la mababu. Si kosa kuliita hivyo, ila ni nusu ya kweli. Kwa wengi wanaolivaa, mababu wa vizazi vinne au vitano nyuma hawakuruhusiwa kulivaa. Walilipata kwa ujira wa mizigo, kwa ukaidi, na kwa kuvumilia kicheko cha wakubwa. Kulisifu vazi hilo kama urithi mtulivu ulioteremka kutoka kwa waungwana wa zamani ni kuwanyang'anya mababu hao kitu walichokipata kwa shida, na kuwarudishia mabwana sifa isiyokuwa yao peke yao.

Kwa mhakiki wa fasihi funzo ni hili. Kila anapokutana na mwanamume aliyevaa vizuri katika utenzi, riwaya au tamthilia, asitosheke kuandika kwamba mwandishi ametumia taswira ya mavazi kuonyesha majivuno au utajiri. Amwulize mwandishi nani aliyeshona, nani aliyefua, na nani aliyesimama kando akiwa kichwa wazi. Baudelaire alimwona mlimbwende kuwa mtu pekee anayejiumba mwenyewe. Historia ya pwani yaonyesha kwamba hakuna aliyejiumba peke yake kwa vazi. Wapo walioumbwa na mikono ya wengine, na wapo waliolazimika kuinyang'anya haki ya kujiumba.

Ukirejea sasa kwa Sultani wa Kilwa, nguo zake zaonekana kwa namna nyingine. Alipozivua alipata sifa ya kudumu karne saba. Mwanawe alipozikomboa alilipa kwa watu kumi, na baba akaongeza kumi. Watu ishirini hao waliondoka na fakiri bila jina. Methali yasema muungwana ni vitendo. Kitendo cha Sultani kimehifadhiwa, na uungwana wake umehesabiwa kwacho. Wale ishirini hawakuachiwa kitendo chochote katika masimulizi, wala vazi. Wajukuu wa watu wa namna yao ndio waliokuja kutoka milangoni mwao baada ya mwaka 1897, kofia kichwani na kanzu hadi kifundoni, wakatembea polepole katikati ya njia.